Kusoma Saikolojia ya Mahusiano ya Binadamu Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Anayekwama kwenye Swali la Kisa

Kila muhula kilio ni kilekile. Mwanafunzi amehudhuria mihadhara yote, madesa ameyamaliza, majina ya nadharia anayataja bila kusita. Anaingia kwenye mtihani, anakuta kisa cha mistari sita kuhusu watu wawili waliokosana, na chini yake swali moja tu: "Eleza kinachotokea." Hapo kalamu inagoma. Anamwaga fasili zote alizokariri, anapata alama 8 kati ya 25, na haelewi alipokosea.

Amejifunza maneno ya somo, hajajifunza kazi ya somo. Kazi yenyewe ni kutenganisha mambo matatu ambayo katika maisha ya kila siku tunayachanganya: kile mtu alichofanya, maana tuliyokipa, na ushahidi unaoturuhusu kukipa maana hiyo. Hatua zote zilizo hapa chini zinarudi hapo. Zifuate kwa mpangilio, maana hatua ya tano haiwezekani kama ya pili umeiruka.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Muhtasari wa somo, wenye mada za kila wiki na mgawanyo wa alama. Usianze bila huu.
- Kitabu kikuu cha kiada, kimoja. Wanaobeba vinne huishia kusoma utangulizi wa kila kimoja.
- Madaftari 2: moja la mihadhara, jingine dogo la kuingia mfukoni, ambalo ni la uchunguzi.
- Kadi tupu 40 hivi, au karatasi ngumu uikate mwenyewe kwa ukubwa wa kiganja.
- Mitihani iliyopita, angalau ya miaka 3.
- Wenzako 2 wa diskasheni na mazoezi. Watatu mnatosha, wakizidi watano kikao hugeuka kijiwe.
- Saa 6 kwa wiki nje ya mihadhara, zilizogawanywa kwenye siku nne au tano.

Kuna kingine kisichonunuliwa: mtu wa kuzungumza naye somo likigusa jeraha lako. Na litaligusa. Mada za malezi, kuachwa, usaliti na ukatili haziishii ubaoni. Nimeona wanafunzi wazuri wakitoweka darasani wiki nzima, kumbe mada ya wiki hiyo ilikuwa ndiyo nyumba waliyokulia. Ukiona usingizi unapotea baada ya mhadhara fulani, mwone mshauri wa wanafunzi mapema, kabla hujaanza kulikwepa somo zima.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya somo kwenye ukurasa mmoja

Muhtasari wenye wiki 14 huonekana kama mambo 14 yasiyojuana. Sivyo. Karibu kila mada kwenye somo hili inajibu mojawapo ya maswali manne. Chukua karatasi, ikunje mara mbili ipate vyumba vinne, kisha uandike swali moja kwenye kila chumba:

1. Kwa nini tunavutiwa na watu fulani na si wengine?
2. Tunawasomaje wenzetu, na tunakosea wapi?
3. Kundi linatubadilishaje?
4. Uhusiano unadumu vipi, unavunjika vipi, unatengenezwa vipi?

Sasa panga mada zako. Utafiti wa Leon Festinger na wenzake wa mwaka 1950 kuhusu majirani kwenye nyumba za wanafunzi wa MIT, chuo cha Marekani, ulioonyesha kwamba umbali wa mlango hadi mlango ulichangia sana nani awe rafiki wa nani, unaingia chumba cha kwanza. Fritz Heider na kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu namna tunavyotafuta sababu za matendo ya wengine anaingia cha pili. Solomon Asch na Muzafer Sherif, waliochunguza nguvu ya kundi juu ya mtu, wako cha tatu. John Bowlby (mtoto na mlezi wake), Caryl Rusbult (kwa nini watu hubaki kwenye uhusiano) na John Gottman (ugomvi wa wanandoa) wako cha nne, ingawa Bowlby anaweza pia kukaa cha kwanza.

Katikati ya karatasi andika kanuni ya Kurt Lewin ya mwaka 1936: tabia hutokana na mtu pamoja na mazingira yake. Iache hapo muhula mzima. Kila ukikwama kwenye kisa, macho yako yarudi kwenye sentensi hiyo na ujiulize ni upande upi umeusahau. Mara nyingi ni mazingira.

Utajuaje umefaulu: mwenzako akitaja mada yoyote, unamwambia iko chumba gani na kwa nini, bila kufungua daftari.

## Hatua ya 2: Tengeneza kadi ya kila nadharia, mistari minne tu

Nadharia isiyotabiri chochote haitakusaidia kwenye kisa. Ndiyo maana kadi haiandikwi fasili peke yake. Upande wa mbele ni jina. Upande wa nyuma ni mistari minne: inasema nini, inatabiri nini, ushahidi wake ni upi, inapungukiwa wapi.

Huu ni mfano kamili, kadi ya nadharia ya uwekezaji ya Caryl Rusbult:

Inasema: mtu hubaki kwenye uhusiano kwa sababu amejifunga nao, na kujifunga huko kunatokana na mambo matatu: anavyoridhika, njia mbadala alizonazo, na alivyokwisha kuwekeza humo, kama muda, watoto, siri na marafiki wa pamoja.

Inatabiri: mtu asiyeridhika kabisa anaweza kubaki, ikiwa hana pa kwenda na amewekeza mengi.

Ushahidi: mwaka 1983 Rusbult alichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa chuo waliokuwa na wapenzi, kwa miezi 7. Mwaka 1995, yeye na John Martz walichapisha uchambuzi wa taarifa za wanawake waliokimbilia makazi ya hifadhi kutokana na ukatili. Wenye njia mbadala hafifu na uwekezaji mkubwa ndio waliokuwa wamejifunga zaidi na uhusiano ule.

Inapungukiwa: hutegemea sana hojaji, yaani watu kujieleza wenyewe.

Tazama mstari wa pili ulivyo na nguvu. Watu wakimwona mwanamke anayepigwa na haondoki, huuliza "kwani haoni?", na wengine huongeza kwamba labda anapenda. Nadharia hii inakupa swali jingine kabisa: ana njia gani nyingine, na akiondoka anaacha nini nyuma? Kwangu mimi, huo peke yake ni sababu ya kutosha ya kulipenda somo hili. Mtu uliyekuwa umemhukumu unaanza kumwona.

Onyo: kadi isizidi mistari minne. Ukiandika kumi, utakuwa umenakili kitabu, na siku ya kujipima hutajua kilicho muhimu ni kipi.

Onyo jingine, zito zaidi: kadi hizi si za kuwapimia watu wako. Mada inayoleta madhara zaidi hapa ni ya Bowlby na Mary Ainsworth, kuhusu mtoto anavyoshikamana na mlezi wake. Ainsworth aliwatazama watoto wa karibu mwaka mmoja mama alipotoka chumbani na, muhimu zaidi, aliporudi, akawagawa katika makundi kwa namna walivyompokea. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakalipeleka wazo hilo kwenye mapenzi ya watu wazima. Wiki ya mada hii wanafunzi huanza kuitana "wewe ni wa kundi la wakwepaji" na kuwapigia wazazi simu za lawama. Makundi yale hayakutengenezwa ili yawe hukumu ya maisha, na mtu hubadilika akipata mahusiano ya kuaminika. Wiki moja ya mihadhara haikupi mamlaka ya kumtangazia mchumba wako kasoro zake.

Utajuaje umefaulu: ukisoma mstari wa "inatabiri", unaweza kubuni mfano papo hapo ambao haumo kitabuni.

## Hatua ya 3: Soma utafiti wenyewe, si hitimisho lake

Hapa ndipo alama nyingi zinapotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua Asch, miaka ya 1950. Kijana anaingia chumbani, anakaa pamoja na wengine anaowadhani ni washiriki kama yeye. Wanaonyeshwa mstari mmoja, kisha mistari mitatu, na kila mmoja anataja kwa sauti ni upi unaolingana na ule wa kwanza. Jibu liko wazi hata kwa mtoto. Lakini wale wengine wote wamepangwa, na katika duru 12 kati ya 18 wanataja jibu moja lisilo sahihi. Zamu ya kijana inafika karibu na mwisho.

Madesa mengi yanasema: "Asilimia 75 ya watu hufuata kundi." Ukiandika hivyo umepotosha. Takriban robo tatu walilifuata kundi *angalau mara moja*. Ukihesabu majibu yote ya duru zile 12, yaliyofuata kundi ni kama theluthi moja. Maana yake, mara nyingi zaidi watu walisema walichokiona. Robo iliyobaki haikuyumba hata mara moja. Na Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kutaja jibu sahihi kabla ya kijana yule, kulifuata kundi kulishuka sana.

Utafiti mmoja, habari mbili tofauti. Ya kwanza ni kwamba binadamu ni kondoo. Ya pili ni kwamba sauti moja ya ukweli inatosha kumwokoa aliye peke yake. Anayesoma hitimisho tu haipati ya pili.

Kwa kila utafiti mkubwa jiulize haya na uyajibu kwa maandishi:

- Walikuwa nani, na wangapi? Asch alitumia vijana wa kiume wa vyuo vya Marekani. Stanley Milgram, aliyepima utii kwa kuwaamuru watu wampige mwenzao shoti za umeme ambazo hawakujua ni za kuigiza, katika ripoti yake ya mwaka 1963 alikuwa na wanaume 40, na 26 kati yao walifika swichi ya mwisho ya volti 450.
- Nini kilibadilishwa na nini kilipimwa? John Darley na Bibb Latané mwaka 1968 walibadilisha idadi ya watu ambao mshiriki aliamini wanasikia mtu akipatwa na kifafa. Walipima kama atatoka kutafuta msaada. Aliyedhani yuko peke yake: asilimia 85 walitoka kabla sauti haijakatika. Aliyedhani wapo wengine wanne: asilimia 31.
- Ni jaribio, ambamo mtafiti anabadilisha jambo moja aone litaleta nini, au ni uwiano wa kitakwimu tu, yaani mambo mawili kuonekana yakienda pamoja? Jaribio linaweza kukuambia sababu. Uwiano hauwezi.
- Je, linawahusu watu wote? Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliandika hoja ambayo kila mwanafunzi nje ya nchi za Magharibi anapaswa kuijua: saikolojia imejenga madai kuhusu binadamu wote kwa kutumia sehemu ndogo sana ya binadamu, tena isiyo ya kawaida ukilinganisha na wengine.
- Je, ulirudiwa? Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Tafiti asilia zilizokuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu, zilikuwa asilimia 97. Kwenye marudio, kama asilimia 36 tu.

Swali la mwisho lisikukatishe tamaa. Mtahini humpa alama mwanafunzi anayesema "ushahidi huu una mipaka hii" kuliko anayesema "imethibitishwa".

Utajuaje umefaulu: unaweza kumsimulia mtu asiyesoma chuo utafiti huo kwa dakika mbili, akauona chumba, akawaona watu, akauliza "sasa ikawaje?"

## Hatua ya 4: Anza daftari la uchunguzi

Kila siku, dakika 10, mahali pa wazi penye watu. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto andika *nilichokiona*. Kulia andika *nilichodhani*. Kushoto hairuhusiwi neno lolote la hisia au tabia: si "alikasirika", si "mpole", si "anaringa". Matendo, maneno na muda tu.

Huu ni ukurasa halisi wa zoezi kama hilo. Kushoto:

*Meza ya maktaba. Watu 2, mkoba wa mmoja uko juu ya kiti cha tatu. Anafika mtu wa tatu, anasimama. Wa kwanza anainua macho, anatabasamu, anaendelea kusoma. Wa pili hainui macho. Sekunde kama saba. Wa tatu anasema jambo kwa sauti ya chini. Wa pili anauvuta mkoba, anauweka miguuni pake, bado anaandika. Wa tatu anakaa.*

Kulia mwandishi aliandika: *Wa kwanza mkarimu. Wa pili mkavu.*

Rudi sasa kushoto, usome tena. Nani alitoa kiti? Ni yule wa pili, ambaye hakutabasamu. Mkarimu wetu alitoa tabasamu tu. Na huyo "mkavu" huenda alikuwa katikati ya sentensi asiyotaka kuipoteza. Mwandishi alikuwa na ushahidi wote mbele yake, na bado mkono wake ukaandika hukumu iliyo kinyume nao.

Hilo ndilo Lee Ross alilolipa jina mwaka 1977: kosa la msingi la kuhusisha sababu. Tunaeleza tendo la mwenzetu kwa tabia yake, mazingira tunayasahau. Unaweza kulikariri kosa hilo mara mia na usilijue. Ukilikamata kwenye mwandiko wako mwenyewe, hutalisahau.

Onyo la maadili: usiandike majina, usirekodi sauti, usipige picha, usimfuate mtu. Usiwachunguze watu wa chumbani kwako, kwa sababu wao hawakukubali na wewe hutakuwa mtulivu. Kama uchunguzi ni kazi ya alama, fuata kwanza utaratibu wa kibali wa idara yako.

Utajuaje umefaulu: baada ya kurasa 15 hivi, upande wa kushoto unajaa na wa kulia unapungua. Maneno kama "labda" na "au" yanaanza kuonekana kulia.

## Hatua ya 5: Geuza kisa kuwa jibu

Tuchukue kisa cha kawaida:

*A na B wanaishi chumba kimoja. Muhula wa kwanza walikuwa wakizungumza hadi usiku. Muhula wa pili A alianza kibarua cha jioni. Sasa anarudi usiku na anajibu kwa mkato. B anamwambia rafiki yake: "A ana dharau siku hizi." Eleza kinachotokea.*

Kwanza, pigia mstari matendo na uzungushie duara tafsiri. Kurudi usiku na kujibu kwa mkato ni matendo. "Dharau" ni tafsiri, na ni ya B, si ya kisa. Wengi huandika jibu zima wakichukulia kwamba A ana dharau kweli. Hapo B amekwisha kuwapotosha kabla hawajaanza.

Pili, chagua nadharia mbili zinazoona mambo tofauti. Moja haitoshi, kwa sababu huwezi kupima maelezo bila kuyalinganisha na mengine. Tano ni nyingi, utabaki kuorodhesha.

Tatu, funga kila dai na neno la kisa upande mmoja na utafiti upande wa pili. Sentensi isiyo na kamba hizo mbili, ifute.

Nne, sema ni taarifa gani ungehitaji ili kuamua.

Aya ya jibu zuri inasomeka hivi:

*Kisa kinatupa matendo mawili ya A: kurudi usiku na kujibu kwa mkato. "Dharau" ni maelezo ya B. Nadharia ya uhusishaji wa sababu inasema mtazamaji huelekea kueleza tendo la mwingine kwa tabia yake na kupuuza hali iliyomzunguka. Jones na Harris (1967) walionyesha kwamba wasomaji walimhesabu mwandishi kuwa anaamini alichoandika hata walipojua kwamba alipangiwa msimamo huo. Vivyo hivyo B anataja dharau na hataji kibarua. Hata hivyo, nadharia ya Altman na Taylor (1973), kuhusu watu wanavyofunguliana mambo yao hatua kwa hatua, ingekisoma kisa kwa namna nyingine: watu waliokuwa wakielezana mambo ya ndani sasa wanabaki juu juu, na huenda uhusiano wenyewe unarudi nyuma. Kwa kufuata Kelley (1967), anayetafuta sababu ya tendo kwa kulilinganisha kwa watu na hali mbalimbali, ningeuliza kama A anajibu kila mtu kwa mkato au B peke yake. Kama ni kila mtu, uchovu una nguvu zaidi kama maelezo. Kama ni B peke yake, kuna jambo kati yao.*

Linganisha na jibu la alama 8: "Kisa hiki kinahusu mahusiano. Mahusiano ni muunganiko kati ya watu wawili au zaidi. Kuna aina nyingi za mahusiano..." Hakuna kosa humo. Ila A na B hawamo.

Fanya visa viwili kwa wiki kutoka mitihani iliyopita, kwa saa, kwa mkono. Badilishaneni karatasi na wenzako wawili. Kazi ya anayesahihisha ni moja: kupigia mstari mwekundu kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa bila kukisoma kisa.

Utajuaje umefaulu: mistari myekundu haizidi miwili kwa ukurasa.

## Hatua ya 6: Fanya mazoezi ya kusikiliza

Vyuo vingi hutoa alama za vitendo, na hata kama chako hakitoi, fanya. Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kuhusu mambo anayohitaji kuwa nayo anayemsaidia mwenzake: kuwa mkweli, kumkubali bila masharti, na kumwelewa kutoka ndani ya mtazamo wake. Kila mtu anadhani anayo, mpaka aketi dakika tano afunge mdomo.

Kaeni watatu. Mmoja msemaji, mmoja msikilizaji, mmoja mtazamaji. Dakika 5, kisha mnabadilishana. Msemaji aeleze jambo dogo linalomsumbua. Msikilizaji anaruhusiwa kufanya mambo mawili tu: kurudisha alichosikia kwa maneno yake, na kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. Ushauri ni marufuku. "Hata mimi iliwahi kunitokea" nayo ni marufuku, maana hapo mazungumzo yanahama kwa mwenyewe na kuja kwako.

Mtazamaji ahesabu mara ngapi msikilizaji alikatiza. Kwenye mazoezi ya ugomvi wa kuigiza, atafute pia mienendo minne ambayo Gottman aliihusisha na kuharibika kwa ndoa baada ya kuwatazama wanandoa wakizozana maabara: kushambulia utu wa mwenzako badala ya tendo, kumdharau, kujihami, na kujifungia kimya.

Onyo: msichague jambo zito. Hamjafunzwa kulibeba, na kikao cha mazoezi si mahali pa kulifungulia.

Utajuaje umefaulu: msemaji anasema "ndiyo, hasa!" na kuendelea kueleza zaidi.

## Hatua ya 7: Kama una utafiti mdogo wa kufanya

Nitapita haraka, maana msimamizi wako ndiye mwenye neno. Mambo matatu huwaangusha wengi.

Swali lenye maswali mawili ndani yake: "Je, unaridhika na marafiki na familia yako?" Anayeridhika na kimoja atajibu nini? Ligawe.

Ridhaa: mshiriki ajue utafiti unahusu nini, kwamba hajalazimishwa, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Anayejaza hojaji kwa sababu ni rafiki yako na anaona haya kukataa hajaridhia.

Kugeuza uwiano kuwa sababu: ukikuta wanaotumia simu muda mrefu wana upweke zaidi, huenda simu inaleta upweke, huenda mpweke ndiye anayekimbilia simu, au kuna jambo la tatu linaloleta yote mawili. Yaandike yote matatu.

## Hatua ya 8: Jipime badala ya kusoma tena

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliisoma tena, baadhi walijipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwapita. Ndiyo sababu usiku wa kuamkia mtihani unahisi umeiva, na wiki mbili baadaye huna kitu.

Toa kadi, soma jina, andika mistari minne kutoka kichwani, ndipo ugeuze. Rudia siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 21. Ile unayoikosea irudi siku ya 1. Kukwama wakati wa kukumbuka kunaudhi, lakini jitihada hiyo ndiyo inayokazia jambo kichwani, kwa hiyo usigeuze kadi mapema.

## Hatua ya 9: Siku ya mtihani, na siku karatasi inaporudi

Gawa muda kwa alama. Mtihani wa dakika 180 wenye alama 100 unakupa dakika 45 kwa swali la alama 25. Tumia 7 za mwanzo kupigia kisa mistari na maduara, na kuandika majina ya nadharia zako mbili pembeni. Anza kuandika jibu baada ya hapo tu, hata kama wote waliokuzunguka wameshajaza ukurasa.

Karatasi ikirudi, usiangalie jumla na kuikunja. Pitia kila alama iliyopotea na uiweke kwenye fungu mojawapo kati ya matatu: *sikujua*, *nilijua ila sikukifunga na kisa*, *niliamini tafsiri ya mhusika*. Fungu la kwanza likiwa kubwa, rudi kwenye kadi. La pili, ongeza visa vya kila wiki kutoka viwili hadi vinne. La tatu, chukua lile daftari dogo, tafuta meza yenye watu, uanze upya na safu ya kushoto.